Mwaka Nilioomba kwa Daktari

Kwa miaka minne nimeusimulia ugonjwa wangu vibaya, tena mbele ya watu wengi, na sasa nataka kuusimulia sawasawa.

Wanaonijua watashangaa, kwa maana mimi si mwepesi wa kukiri kosa. Nilizaliwa kijijini upande wa Tetu, nikaenda shule bila viatu, nikafua nguo za walimu ili nisifukuzwe darasani. Nilipopata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea upishi na usimamizi wa jiko, hakuna mwanamke wa kwetu aliyekuwa amewahi kupanda ndege. Nilirudi na diploma. Iko ukutani ofisini mwangu, ndani ya fremu, na kila anayeingia huiona kabla hajaniona mimi. Ninaendesha jiko la chuo cha ualimu hapa Nyeri, na tangu nishike funguo zake hakuna mwanafunzi aliyeharisha kwa chakula changu. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba aliyefanya ujinga nitakaoueleza hakuwa mjinga.

Jina langu ni Nyaguthii, jina la mama wa baba yangu. Kwetu ndivyo ilivyo: msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa mume, wa pili jina la mama wa mke. Ndiyo sababu mama yangu, Wangeci, aliniita "mama mkwe" tangu nikinyonya. "Mama mkwe, njoo ule." "Mama mkwe, nitakuchapa sasa hivi." Alizaa watoto wanne, akazika watatu wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya wakoloni, nikabaki mimi. Baba alifia kizuizini. Mimi na mume wangu, Ndiritu, tulikuwa na wavulana wawili, mmoja jina la baba yake, mwingine jina la baba yangu, na msichana mmoja, Muthoni, jina la mama yake. Wazee wote walikuwa wamepata mjukuu wa jina lao isipokuwa mama. Nilihitaji msichana mwingine mmoja tu. Mama hakuwa na mtoto mwingine wa kumzalia jina lake, na mimi nilikuwa nimejiahidi, tangu nikiwa Uingereza nikilia kwa baridi, kwamba siku moja nitambeba mtoto mgongoni na kumwita "mama".

Wapishi wangu wote hupimwa hospitali kila Januari. Hiyo ni sheria yangu, na mimi mwenyewe huenda wa kwanza ili asiwepo wa kunung'unika. Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na minane. Kwa miezi mitatu damu ilikuwa imenitoka nje ya siku zangu, na zaidi baada ya kulala na mume wangu, nami nilikuwa nikiificha kwa pamba na sketi nyeusi. Daktari alikuwa mama wa Kihindi, mfupi, mwenye sauti ndogo. Nilipomweleza aliacha kuandika, akanipandisha kitandani, akanipima, akakata kinyama kidogo, akasema nirudi baada ya wiki mbili.

Siku ya kurudi nilikaa kwenye benchi la mbao kuanzia asubuhi. Jirani yangu alikuwa mwanamke wa mtaa wa Majengo, Mama Zuhura, mwenye kuuza mandazi karibu na msikiti. Buibui lake lilinukia iliki na mafuta ya kukaangia. Alikuwa amekuja kwa jambo lile lile, na hakuwa na aibu nalo.

"Wewe umeitwa na nini, madam?"

"Majibu tu."

"Hata mimi ni majibu. Lakini mwili wangu umeshanijibu kitambo." Akacheka. "Niko na watoto sita. Wakisema wanatoa kizazi, nitawaambia chukueni na mfuko wake. Sitaki hata kukiona."

Aliingia kabla yangu. Alipotoka alinionyesha karatasi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Alhamisi," alisema. "Ati nisile kitu tangu usiku. Nani atanikaangia mandazi Alhamisi?"

Mimi nilipoingia daktari alinivutia kiti. Aliniambia ni kansa ya mlango wa kizazi, lakini bado ni ndogo sana, na hapa hapa Nyeri wanaweza kutoa kizazi na kuimaliza. Alisema neno "bahati" mara mbili.

Nilimuuliza kama bado ninaweza kupata mimba.

"Unaweza," alisema, "lakini hupaswi."

"Nipe mwaka mmoja."

"Mimi siwezi kukupa mwaka, mama. Mwaka si wangu."

Nilimweleza kwamba mimi ni mtu aliyesoma. Nilimwambia nimeishi Uingereza, nimefundishwa juu ya vijidudu na magonjwa, najua kusoma dalili za mwili wangu, na nikiona mabadiliko yoyote nitarudi siku hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika kwenye kadi yangu, akapiga mhuri wa tarehe, akaniambia maneno ambayo wakati huo niliyaona ya dharau: "Kansa haikuuliza umesoma wapi."

Kadi niliiweka chini ya kabati la nguo. Ndiritu sikumwambia. Alikuwa msimamizi wa shamba la ngano upande wa Naro Moru na alikuwa akija nyumbani siku za Jumamosi. Nilimwambia nataka mtoto mwingine, Wangeci, na mtu yule alifurahi kama mvulana. Kuanzia hapo hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuja na viazi, na maziwa ndani ya kibuyu, mara moja hata na kuku mweupe amefungwa miguu. Alikuwa akiimba akipangusa matope mlangoni. Nami kila Jumapili asubuhi nilifua shuka peke yangu ili asione damu.

Mvua ndefu ikapita. Siku moja mwezi wa sita nilipita Majengo nikamkuta Mama Zuhura mbele ya karai lake, ameinama, anageuza mandazi.

"Madam! Bado uko na yako?"

"Bado."

"Unaifanyia nini?"

Nilimwambia kwamba mambo mengine ni mazito, hayaeleweki kirahisi. Akanitazama, akafunga mandazi manne kwenye gazeti, akanipa. "Mimi sikusoma," alisema. "Nikiambiwa nyumba inaungua, natoka." Nilikasirika. Niliyala yale mandazi njiani kwa hasira, nikasema moyoni kwamba mtu asiye na jina la kupoteza ni rahisi kwake kutoka nyumbani.

Mimba ilishika katika baridi ya Julai, wakati ukungu hauondoki juu ya mji mpaka saa sita. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Nyeri. Nilikwenda Tetu kumwona mama, nikakaa jikoni kwake, lakini sikumwambia. Nilitaka aone tumbo mwenyewe. Mwanzo wa mvua fupi, nikiwa stoo ya chuo nikihesabu magunia ya maharagwe, mimba iliniharibikia. Nililala sakafuni kati ya magunia mpaka mpishi mmoja akanikuta. Nilimwambia ni tumbo tu.

Tangu siku hiyo damu haikukoma, na baada ya damu ikaja harufu. Hapa nitasema wazi, kwa sababu wanawake hufichana jambo hili. Mimi nimerudisha nyama za wachinjaji wa mji huu kwa harufu tu, kabla hata karatasi haijafunguliwa. Pua yangu haijawahi kukosea. Sasa niliisikia ile ile, nikageuka kuangalia nani ameacha nyama nje, na ilikuwa ni mimi.

Daktari hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alinipima, akanawa mikono kwa muda mrefu, akasema kazi iliyopo sasa haifanyiki Nyeri. Alinipa bahasha kubwa ya kupeleka Nairobi, akatia ndani na kadi niliyokuwa nimemrudishia.

Ilibidi Ndiritu aje, kwa sababu hospitali ile kubwa haikukubali kumtoa mwanamke kizazi bila sahihi ya mumewe. Tuliketi mbele ya meza ya sista. Alitandaza karatasi zote za bahasha akitafuta nafasi ya sahihi, na kadi yangu ya zamani ikawa juu. Ndiritu aliichukua. Ni mtu asomaye polepole, kwa kidole. Nilikiona kidole kikifika kwenye mhuri kikasimama.

"Hii ni ya Januari," alisema.

Nilimsogezea kalamu.

"Nyaguthii. Hii ni ya Januari?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimekuja kila Jumamosi." Alisema kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu, ili sista asielewe, lakini sista alielewa na akainamisha kichwa. "Ulijua, na ukaniacha nije kila Jumamosi. Na kuku nikakuletea."

Alitia sahihi kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Halafu akatoka nje akasimama chini ya jua bila kofia.

Nilipasuliwa siku ya Jumanne. Walitoa kizazi, na vifuko vya mayai, na kipande cha njia ya uzazi, na tezi za nyonga pande zote mbili. Nilipoamka nilikuwa na nyuzi kutoka kitovuni mpaka chini, na mrija wa mkojo ambao nilikaa nao wiki tano, kwa sababu kibofu kilikuwa kimesahau kazi yake. Yeyote anayekwenda huko nataka ajue hili: utafundishwa kukojoa upya, kwa saa, kama mtoto. Sista mmoja wa zamu ya mchana alikuwa akifungua bomba la maji mlangoni ili sauti yake inisaidie. Alisimama pale akiangalia pembeni, akizungumza habari za kabichi zake, mpaka nifaulu. Sijasahau wema ule. Jina lake sikuliuliza, kwa kiburi.

Tezi mbili zilikutwa na ugonjwa. Kwa hiyo ikafuata mionzi, wiki sita, na joto la mwili la ghafla lililonilowesha jasho, na kuharisha ambako sikuwahi kumsababishia mwanafunzi hata mmoja. Nilirudi Nyeri nikiwa mwembamba kama mti wa fagio. Ndiritu aliniendesha kwa pikapu ya shamba. Tulisimama Thika, tukasimama Makutano, na Sagana tukasimama mara mbili, mara ya pili pale pale darajani kwa sababu sikuweza kufika chooni. Alinishikilia blanketi mbele ya wapita njia, uso ameugeuza kwenye mto. Alinishikilia vizuri, lakini hakusema neno, na tangu hapo ndivyo tulivyo. Hatujaachana. Huja Jumamosi moja kwa mwezi na hulala chumba cha wavulana.

Yeye ndiye aliyemwambia mama. Mama alikuja kuniuguza na kibuyu cha uji wa wimbi, akaniwekea kikombe mkononi, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda.

"Ati ulingoja kwa ajili yangu?"

"Ilikuwa kwa ajili ya jina, mama."

"Nilikuomba?"

"Hukuniomba."

"Basi nani alikuomba?"

Nilitazama ndani ya kikombe. Mtu mwenye diploma.

"Nilizika watatu," alisema. "Kila mmoja alikuwa na jina zuri la mtu mzuri. Majina yale hayakuwafukuzia hata inzi. Na wewe ulitaka nizike wa nne, ndipo nibaki na katoto ka kuniita Wangeci? Nikalee kwa magoti haya?" Akasimama, akaninyang'anya kikombe ambacho sikuwa nimemaliza. "Ungeniuliza, mama mkwe. Niko Tetu tu. Si Uingereza."

Alikwenda zake siku hiyo hiyo, na hakurudi mpaka mahindi yalipofika magotini. Aliporudi alikuta mguu wangu wa kushoto umevimba. Ni kwa sababu ya zile tezi zilizotolewa. Maji ya mwili hayana tena njia ya kupita. Ulianza kwenye paja, ukashuka, na hautapona. Mguu mmoja navaa kiatu namba sita, mwingine namba nane. Nauosha asubuhi na jioni, naukausha kati ya vidole, naupaka mafuta, naufunga kwa kitambaa kirefu, naulaza juu ya mto. Mama alininyang'anya mafuta akaanza kuupaka mwenyewe, kutoka chini kwenda juu, akivuta mafuta kama anavyopakwa mtoto mchanga. Alikuwa bado na hasira. Baada ya kitambo mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

Alikuwa anacheka. "Angalia alivyo mnene," alisema. "Huyu amenyonya akashiba. Anaoshwa, anapakwa mafuta, anabebwa kila mahali." Akaupiga kofi dogo. "Basi umenizaa, mama mkwe. Ndiye huyu."

Hapo ningeweza kumaliza, na ningekuwa nimejipamba tena. Lakini niliahidi kusimulia sawasawa.

Nilirudi kazini. Nilishona sketi ndefu mpaka kifundo cha mguu, na watu wakasema Nyaguthii amekuwa mtu wa heshima zaidi. Kanisa moja la Karatina likanialika kuzungumza na akina mama. Nilisimama mbele yao nimevaa suti ya buluu, nikawaambia nimeugua kansa, nimekatwa, nimechomwa kwa mionzi, na nimesimama hapa, na jiko langu halikulala njaa hata siku moja. Walipiga makofi. Nilialikwa kwingine, na kwingine tena. Sikutaja harufu. Sikutaja daraja la Sagana. Mguu ulikuwa ndani ya sketi.

Siku ile ya Karatina, baada ya chai, msichana mmoja alinifuata nje. Alikuwa amefunga kitambaa cha kijani kichwani. Aliitwa Nyambura, ameolewa, ana wasichana wawili.

"Mama, nimesikia watu wakisema ati ulingoja kabla ya kupasuliwa. Ni kweli?"

Maneno hayo yalikuwa yametoka kwa nani sijui; Nyeri haina siri. Kama ningesema "nilingoja na nilikosea", ingekuwa sentensi moja tu. Lakini akina mama wawili walikuwa wamesimama karibu wakisikiliza, na mimi nilikuwa nimetoka tu kupigiwa makofi.

"Nilingoja karibu mwaka," nilisema, nikainua kidevu. "Nilikwenda nilipokuwa tayari. Na unaniona."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante sana, mama," alisema. "Umenipa nguvu." Nikafikiri nimefanya kazi njema. Sikumuuliza kwa nini alitaka kujua.

Alikuwa ameambiwa, wiki ile ile, kwamba ana ugonjwa kama wangu, mdogo kama wangu ulivyokuwa Januari. Mumewe alikuwa mwana wa pekee, na baba wa mume hakuwa amepata wa jina lake. Alitaka mvulana kwanza.

Nilipata habari mwaka uliofuata, kutoka kwa mmoja wa wale akina mama. Nilikwenda Karatina. Nyambura alikuwa amelazwa kwenye chumba cha nyuma kwa mama mkwe wake, uso umekwisha, kitambaa kile cha kijani bado kichwani. Nairobi walikuwa wamemfungua na kumfunga tena bila kukata kitu.

"Umekuja, mama," alisema, kama mtu aliyekuwa akinisubiri kwa chai.

"Nyambura, kwa nini hukwenda?"

Alinitazama kwa mshangao, bila hasira hata kidogo. "Si wewe ulingoja?"

Mama mkwe wake alikuwa mlangoni. "Alituambia hivyo siku zote," alisema. "Kila tulipomwambia aende, alisema, 'Yule mama wa chuo alingoja, na mwoneni.'"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikainua sketi. Nilifungua kile kitambaa, mzunguko kwa mzunguko, mpaka mguu ukabaki wazi. Nikamwambia yote, harufu, shuka za Jumapili, Ndiritu na kalamu yake. Nyambura aliutazama mguu kwa muda mrefu. Akanyoosha kidole akaubonyeza.

"Huu hukutuambia," alisema.

Alikufa kabla mahindi hayajavunwa. Sikualikwa kuzungumza.

Mama yangu bado yuko Tetu, na magoti yake, na jina lake ambalo halina mtoto. Mama Zuhura bado anakaanga mandazi Majengo. Hutembea kwenda sokoni na kurudi bila kutafuta choo. Mimi niko hai, na nimejifunza kwamba kuwa hai kwangu ni ushahidi wa uongo. Anayeniona hamuoni Nyambura.

Kwa hiyo sitoi hotuba tena. Mwanamke akija ofisini, akaanza kusema ana jambo ila kwanza anataka kumaliza uzazi, au kungoja mahari ya binti, au kungoja mvua ipite apande viazi, mimi nafunga mlango. Naona macho yake yakienda kwenye diploma, namwambia aiache hiyo. Nakaa, navua kiatu namba nane, nafungua kitambaa.

"Bonyeza," namwambia.

Huogopa. Namshika kidole nakiweka mwenyewe, nakandamiza, kisha nakitoa. Shimo hubaki pale kwenye ngozi, na tunaliangalia sote wawili likichelewa kujaa.

"Huyu anaitwa Wangeci," namwambia. "Nilimngojea mwaka mzima."